Geti, namba na bidoni: kazi za watu wa kujitolea hospitalini Goma siku ya maafa

Majeruhi wa kwanza kufika hospitalini siku ya maafa huwa ni wale wenye nafuu. Anayeweza kutembea anatembea, anayeweza kukaa kwenye pikipiki anamwita motari, na wote wanakimbilia hospitali iliyo karibu au ile wanayoijua kwa jina. Walioumia vibaya wanakuja nyuma yao, wamelazwa juu ya mlango uliong'olewa, ndani ya blanketi, hata juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Wakifika wanakuta vitanda vya dharura vimeshakaliwa na watu wenye michubuko, manesi wamebanwa, na geti limezibwa na ndugu wanaotafuta ndugu.

Miji mingine husoma habari hizi katika vitabu vya mafunzo. Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeziona kwa macho: kipindupindu cha mwaka 1994 katika kambi za wakimbizi, lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, Ebola iliyoingia mjini Julai 2019, chombo kilichozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, kisha mapigano ya mwisho wa Januari 2025, ambapo hospitali za mji zilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda huku umeme na maji vimekatika. Watu wa kusaidia hawakukosekana hata mara moja. Walijaa. Ila mtu asiye na kazi maalumu, asiyejua anasimama wapi wala anamsikiliza nani, hospitalini anahesabika kama sehemu ya msongamano, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

Kwa hiyo swali la hospitali ni hili: ni kazi zipi zinazomla nesi muda wakati hazihitaji unesi? Kubeba, kuandika, kuchota maji, kuongoza watu, kujibu ndugu, kutafsiri. Hizo ndizo za mtu wa kujitolea. Nesi mmoja anayesukuma machela kwa dakika kumi ni nesi mmoja aliyepotea kwa dakika kumi, na saa ya kwanza haina dakika kumi za kupoteza.

Geti

Tukianza popote, tuanze getini, maana likiziba hapo hata madaktari kumi ndani hawana la kufanya. Hospitali yenye milango miwili ipange mmoja wa kuingilia wagonjwa na mwingine wa kutokea. Yenye mlango mmoja ifunge kamba katikati: magari na pikipiki zinaingia upande mmoja, zinashusha, zinatoka upande wa pili bila kugeuza. Motari anayegeuza pikipiki katikati ya geti anazuia machela tatu. Hili linaongeleka kabla ya siku yenyewe: viongozi wa parkingi za pikipiki za karibu waitwe, waonyeshwe njia kwa miguu, na mmoja wao apewe jile (kizibao cha kumtambulisha) ya kusimamia wenzake. Motari humsikiliza motari.

Kundi la geti halihitaji watu wengi. Wanne wanatosha kwa zamu, mradi wawili wawe wanajulikana mtaani: reko (mhamasishaji wa afya) wa eneo la afya, mwanakamati wa CODESA (kamati ya maendeleo ya eneo la afya), shefu wa avenyu. Mama anayelia kwa sababu haruhusiwi kuingia anamwelewa haraka mtu anayemjua kuliko mlinzi mgeni. Kuhusu silaha, kanuni ni fupi: hakuna anayeingia na silaha, na mtu wa kujitolea habishani na mwenye silaha. Anamwita msimamizi wa geti, anasogea pembeni. Kazi ya kuzungumza na wenye silaha ni ya uongozi wa hospitali.

Ndani ya geti, kabla ya mlango wa idara ya dharura, ndipo pa kuwapanga majeruhi. Pawe tambarare na pawe na taa isiyotegemea umeme wa mji. Hatua ya kwanza haihitaji shule ya udaktari: mtu mmoja mwenye sauti anasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, Kinande au lugha nyingine inayohitajika, “Kila anayeweza kutembea, anifuate!” Wanaofuata ni wa rangi ya kijani, yaani walioumia kidogo. Wanapelekwa mahali pengine kabisa, uwanja wa shule au kanisa la jirani, pamoja na nesi mmoja. Geti linapumua.

Waliobaki chini anawapima nesi, na kila mmoja asizidi dakika moja. Asiyepumua hata baada ya kichwa kuwekwa sawa ili koo lifunguke ni wa rangi nyeusi, yaani amefariki au haokoleki. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu, yaani wa kutibiwa kwanza. Ambaye ukucha ukibinywa haurudishi rangi ndani ya sekunde 2, au mapigo ya kifundo cha mkono hayasikiki, ni mwekundu. Asiyeweza kufuata agizo jepesi kama “finya mkono wangu” naye ni mwekundu. Waliobaki ni wa njano, wanaoweza kusubiri kidogo. Mtu wa kujitolea anatembea na nesi huyo akishika saa, kalamu na tepu: anahesabu muda, anaandika, anafunga. Rangi haiamui yeye.

Kosa la kawaida ni kuwasahau wa kijani. Aliyepigwa na mlipuko tumboni anaweza kufika akitembea na kuzungumza, na saa moja baadaye akawa katika hatari kubwa. Ndiyo maana kule uwanjani panahitajika mtu wa kuzunguka kila robo saa na kuwatazama nyuso: aliyenyamaza ghafla, anayetoka jasho la baridi, anayetapika, anayelilia maji bila kikomo. Akimwona mmoja wa hao anamwita nesi mara moja, na maji ya kunywa hampi.

Namba kwanza, jina baadaye

Goma ina Bahati wengi, Furaha wengi, Amani wengi. Siku ya majeruhi 80, “Bahati, mwanaume, miaka 25” anaweza kuwepo mara tatu, na mmoja wao hana fahamu wala ndugu. Damu ya kundi A iliyokusudiwa Bahati wa kwanza ikitundikwa kwa Bahati wa pili mwenye kundi O, inaweza kumuua. Kwa hiyo kila anayevuka mahali pa kupangia anapata namba inayofuatana, 001, 002, 003, inayoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya tepu na kufungwa kwenye mkono wake. Jina linaongezwa likijulikana. Namba haiandikwi kwenye shuka, kwa sababu shuka hubadilishwa. Haiandikwi kwenye nguo, kwa sababu nguo hukatwa chumba cha upasuaji. Mwandishi mmoja anakaa na daftari, si simu, maana betri huisha. Safu ni tano tu: namba, jina au “hajulikani”, rangi, saa ya kufika, alipopelekwa. Safu ya mwisho ndiyo watu huacha wazi, na ndiyo ndugu wote watakayoulizia jioni.

Machela zinahitaji hesabu. Machela moja ni watu 4, na ikiwa umbali unazidi ua wa hospitali, 6 ili wapokezane. Anayeshika kichwani kulia ndiye anayetoa amri, na wengine hawainui mpaka aseme. Mahali tambarare mgonjwa hutangulizwa miguu, kwenye ngazi za kupanda hutangulizwa kichwa. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, njia ya kupita machela ikaguliwe mapema na yale mawe yanayojitokeza yapigwe nyundo au yafunikwe kwa mchanga. Mbebaji akijikwaa usiku, wanakuwa majeruhi wawili. Kingine: machela hupotelea wodini. Inaingia na mgonjwa, anaachwa juu yake, haitoki tena. Kanuni ni kwamba kundi halitoki wodini mikono mitupu. Kama mgonjwa haruhusiwi kuhamishwa, wanatoka na machela nyingine iliyo wazi.

Damu inayomwagika na damu inayotolewa

Ujuzi mmoja wa kitabibu unastahili kufundishwa kwa kila mtu wa kujitolea, na zaidi kwa motari, kwa kuwa mara nyingi mkono wa kwanza kumgusa majeruhi ni wake: kuzuia damu. Kitambaa safi, hata kipande cha kitenge, kinabanwa juu ya jeraha kwa viganja viwili bila kufunua-funua kutazama. Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, inafungwa garo: kitambaa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala cha kiwiko, kisha kijiti kinazungushwa mpaka damu ikome kabisa. Saa inaandikwa kwenye paji la uso la majeruhi. Anayefungua ni daktari. Kinachoharibu kazi hii ni kamba nyembamba, waya au uzi wa kiatu: vinakata nyama, vinabana mishipa ya juu inayorudisha damu na kuiacha ile ya ndani inayoileta, na jeraha linamwaga zaidi kuliko mwanzo. Garo legevu nalo lina madhara hayo hayo.

Kutoa damu ni jambo jingine, na hapa wema huleta fujo. Habari ikienea, mamia wanajipanga kutoa siku hiyo hiyo. Lakini damu haitoki mkononi mwa mtu na kwenda kwa mwingine papo hapo: lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Damu nzima, uniti moja ikiwa kama mililita 450, hukaa siku 35 katika friji ya nyuzi 2 hadi 6, na friji ina ujazo wake. Umeme wa mji ukikatika na jenereta ikikosa mazuti, akiba yote inaharibika. Tena aliyetoa leo, mwanaume hurudi baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Wote wakitoa Jumatatu, wiki ya pili ya upasuaji haina mtu.

Namna bora ni daftari la watoa damu wanaojulikana kundi lao, wenye miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu, wanaoitwa kwa mafungu kadiri maabara inavyoomba. Wenye kundi O hasi ni adimu; wana ukurasa wao, na hawaitwi ovyo. Kazi ya mtu wa kujitolea siku hiyo ni kupokea foleni, kuandika majina na makundi, na kuwarudisha watu nyumbani kwa heshima ili waje watakapopigiwa.

Maji

Hospitali ya wagonjwa 100 inahitaji si chini ya lita 40 kwa kila mgonjwa kwa siku, yaani lita 4,000, au bidoni (madumu) 200 za lita 20. Chukudu likibeba bidoni 10 kwa safari, ni safari 20. Kwa kipindupindu hesabu inapanda: lita 60 kwa mgonjwa na 15 kwa ndugu anayemlinda. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, likikauka, maji yanatoka ziwani au kwa lori, na ya ziwa hayaingii wodini kabla ya kutiwa klorini na kusubiri dakika 30. Baada ya hapo yapimwe: klorini iliyobaki iwe karibu miligramu 0.5 kwa lita. Vijana waliowahi kusimama ufukweni na bomba la sindano wakitia klorini kwenye bidoni za akina mama wakati wa kipindupindu wanaijua kazi hii kuliko manesi wengi. Ni hasara kubwa kuwapanga kubeba machela.

Klorini ya kunawa na ya kusafishia hutengenezwa kwa unga wa HTH wenye klorini asilimia 70: gramu 15, kijiko kimoja cha chakula, kwa lita 20 inatoa asilimia 0.05 ya kunawa mikono. Gramu 150, vijiko 10, inatoa asilimia 0.5 ya kusafishia vitu na mahali. Ndoo mbili zinazofanana zikikaa pamoja bila alama, kuna siku watu watanawa na ile kali, mikono itachubuka, na baada ya hapo hakuna atakayenawa tena. Ziandikwe kwa herufi kubwa na kuwekwa mbali. Mchanganyiko unatengenezwa upya kila siku, katika ndoo ya plastiki, mahali penye hewa, bila kuchanganywa na sabuni wala asidi yoyote.

Meza ya ndugu

Usipowapa ndugu mahali pa kuuliza, watauliza kila mahali, hadi mlango wa upasuaji. Meza moja nje ya majengo ya wagonjwa, watu wawili wanaosema lugha za mji, nakala ya daftari inayoletwa kila saa. Wanajibu: namba, wodi, saa ya kurudi. Habari ya kifo hawaitoi wao. Wanamsindikiza ndugu kwenye chumba cha pembeni, na anayesema ni daktari au nesi mkuu. Orodha haipigwi picha wala haitumwi WhatsApp. Majeruhi wa mapigano anaweza kuwa na anayemtafuta kwa nia nyingine.

Watoto wanahitaji mtu wao. Baada ya volkano ya Mei 2021, watoto zaidi ya 150 waliripotiwa kutengana na familia zao katika siku za kwanza. Mtoto asiye na mtu mzima anaandikwa jina, umri unaokadiriwa, nguo alizovaa, aliyemleta na mahali alipookotwa, na anakaa na watu wawili wazima, asiachwe na mmoja peke yake. Hakabidhiwi kwa anayesema tu “mimi ni shangazi yake”. Aulizwe mtoto kwanza, aulizwe shangazi, majibu yalinganishwe, na msimamizi atie sahihi.

Maafa hayafanani

Yote ya hapo juu ni kwa majeraha. Ugonjwa wa kuambukiza unageuza kanuni. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Goma, Julai 2019, alifika kwa basi kutoka Butembo. Katika kipindi hicho kipimo cha joto na maswali getini vilitangulia salamu. Katika hali hiyo asiyefunzwa kuvaa na hasa kuvua mavazi ya kinga habebi mgonjwa wala maiti. Anabaki kwenye kunawisha, kuandika na kuzungumza na familia kwa umbali. Jina la kila aliyeingia ndani linaandikwa kila zamu, maana siku 21 zijazo huenda akahitaji kufuatiliwa.

Volkano nayo ina mitego yake. Mazuku, ile hewa ya kaboni inayokaa mabondeni, ni nzito kuliko hewa ya kawaida na haina dalili ya kumwonya mtu. Mwokoaji anainama kumwinua aliyeanguka, naye anaanguka. Kundi la machela lisishuke shimoni alfajiri pasipo upepo, na ikionekana mizoga ya ndege au mbuzi, linarudi. Majivu yakinyesha, mifereji ya bati itenganishwe na matangi kabla ya mvua, kwa kuwa majivu ya Nyiragongo huingiza floridi katika maji. Tarehe 27 Mei 2021, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama, na hospitali iliyo katika mtaa unaohama inahama na wagonjwa wake. Orodha ya wasioweza kutembea, wanaotegemea oksijeni na waliopasuliwa karibuni iwe inaandikwa upya kila asubuhi, na kila jina liwe na watu wanne waliopangiwa kulibeba.

Kumlinda anayekulinda

Mtu wa kujitolea achanjwe pepopunda, na homa ya ini B kwa dozi tatu: siku ya kuanza, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu kuanza. Ratiba hiyo peke yake inaonyesha kwa nini kuajiri watu siku ya maafa ni kuchelewa. Sindano na visu haviokoti yeye. Akichomwa au damu ikimruka machoni, anaosha kwa maji mengi na kuripoti hapo hapo, kwani dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kuliwa siku 28. Haya yaandikwe kwenye makubaliano anayotia sahihi, pamoja na kwamba akiumia kazini anatibiwa bure. Zamu isizidi saa 8, na wa meza ya ndugu na morgi (chumba cha maiti) wapunguziwe hadi 4.

Halafu suala la primu, yaani posho. Kujitolea hakumaanishi mtu atumie nauli yake, uniti zake za simu na njaa yake. Chakula kimoja kwa zamu, nauli na uniti ni gharama za kazi, zipangwe kwenye bajeti. Malipo yakitofautiana kati ya mashirika yanayofanya kazi katika zoni moja ya afya, orodha iliyolelewa mwaka mzima inahamia kwa mwenye kulipa zaidi katika siku mbili. Bureau central (ofisi kuu) ya zoni ndiyo yenye nafasi ya kuweka kiwango kimoja, na ifanye hivyo wakati wa utulivu.

Orodha yenyewe iwe na watu mara mbili ya wanaohitajika, kwa sababu nusu watakuwa wanahamisha watoto wao wenyewe, na wana haki. Kila mtu anapigia watano. Mtandao ukikatika, kanuni iliyokubaliwa ndiyo inayofanya kazi: tetemeko kubwa, lava au ajali ya ziwa, wa zamu ya kwanza wanakwenda bila kungoja simu, risasi zikilia kati ya nyumba na hospitali, hakuna anayetoka. Nakala ya karatasi ikae kwa mlinzi, kwani volkano ya 2021 ilianza Jumamosi jioni, saa ambayo ofisi ya mkurugenzi imefungwa. Kila miezi 3 watu wapigiwe simu wote, kila miezi 6 lifanyike zoezi la nusu siku na machela za kweli. Anayekosekana mara mbili mfululizo bila habari anatolewa, jile yake yenye namba inarudishwa, na nafasi inajazwa na mtu wa avenyu ileile.